Ukungu Katika Chungu cha Maua

Kila mwaka masika yanapokolea huku kwetu milimani Usambara, nyumba nyingi huota ukungu. Viatu vilivyo chini ya kitanda hugeuka rangi, mkanda wa ngozi hupata koga, na vitabu vya ubatizo ninavyovitunza ofisini parokiani hunitaka nivifungue jalada kwa jalada na kuvipangusa, la sivyo majina ya watu yataliwa. Mambo hayo tumeyazoea, wala hakuna anayeshtuka. Lakini ukungu huo huo ukitokea juu ya udongo wa chungu cha maua, ndani ya nyumba, mweupe na laini kama pamba, watu hushtuka sana. Nataka kuandika juu ya ukungu huo, kwa sababu katika mwaka 2023 nusura uvunje nyumba moja ya jamaa zangu.

Shangazi yangu ni mjane. Anapenda maua kuliko watu wengi niwajuao, na katika maua yote hulipenda moja tu kwa moyo wote, yaani lile ua dogo la majani manene yenye manyoya laini, lenye rangi ya zambarau na kitovu cha manjano. Alipewa na binti yake siku alipoweka nadhiri za utawa. Sista huyo sasa yuko mbali, na huja nyumbani mara moja kwa mwaka, akijaliwa. Basi mtaelewa kwamba chungu kile, kwa shangazi, si chungu tu.

Hapa nisimame kidogo, maana ua hili ni letu, na wengi wetu hatujui. Wazungu wengi hulifuga madirishani mwao, na Wajerumani hulipa jina la Usambara mpaka leo. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi hii akapeleka mbegu kwa baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliandika katika elimu akalipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo ule. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika jamii kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus, lakini wapenzi wa maua hawakuliacha jina la kwanza. Katika miaka ya 1920 watu wa Los Angeles, Marekani, walianza kuzalisha aina mpya, na sasa ziko nyingi mno. Sisi tuliokuwa nalo mlangoni tulilipita tu tukienda kuteka maji.

Sasa angalieni mahali linapoota lenyewe. Huota kwenye miamba ya kivulini, karibu na vijito, katika udongo kiasi cha kiganja kilichojaa mwambani pamoja na kuvumwani. Hewa ya hapo ina unyevu, ni kweli. Lakini maji hayasimami. Yakinyesha, hutiririka kwenye jiwe na kwenda zake. Mizizi yake ni midogo, myembamba, nayo imezoea kupumua. Mtu akilijua jambo hili moja, amekwisha kujua nusu ya matunzo yake.

Mwezi wa Machi mwaka huo shangazi alianguka akavunjika nyonga. Alipelekwa hospitali, kisha akakaa mjini kwa mwanawe mkubwa ili afanyiwe mazoezi ya kutembea. Kwa jumla alikosekana nyumbani miezi minne. Nyumba ilibaki kwa mwanawe wa pili, ambaye ni binamu yangu, pamoja na mkewe. Huyu shemeji yangu aliolewa miaka mitatu kabla ya hapo, na walikuwa hawajapata mtoto. Hamna haja niwaeleze jinsi macho ya ukoo yanavyomtazama mwanamke wa namna hiyo. Siku ya kuondoka, shangazi, huku akiwa amelala juu ya machela, alimwambia neno moja tu: «Mwanangu, usiache ua langu life.»

Naye hakuliacha. Kila asubuhi alilimiminia maji kikombe kizima. Chungu kilikuwa na tundu dogo chini, lakini kilikaa juu ya sahani ya bati, na sahani ilijaa maji siku zote. Mvua ziliponyesha kwa fujo alikiingiza ndani, akakiweka pembeni penye giza, nyuma ya mlango, kisipigwe na upepo. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya baridi. Majani ya chini yalinyauka yakaangukia udongoni, naye hakuyagusa, kwa sababu aliogopa kulishika ua la mama mkwe. Jioni binamu yangu naye akirudi shambani, kwa kumpenda mama yake, alilipa maji tena bila kuuliza. Kadhalika watoto wa jirani waliotumwa kufagia. Watu watatu au wanne walikinywesha chungu kimoja, wala hakuna hata mmoja aliyekitazama vizuri. Kwangu mimi huko ndiko kutelekezwa kwenyewe, maana kitu chaweza kuhudumiwa kila siku na bado kikawa hakina mtu.

Katikati ya Mei udongo ukawa mweupe. Kwanza ni madoa, kisha ukatanda wote, na kutoka ndani vikaruka vijidudu vyeusi vidogo mfano wa usubi. Mama mmoja jirani aliyekuja kuazima kinu aliona, akasema kwa mshangao, «Jamani, chungu cha bibi kimeota mvi!» Maneno hayo yalitoka mlangoni yakaenda kijijini. Yaliporudi yalikuwa yamekwisha kubadilika. Ati mvi zile ni dalili kwamba mwenyewe harudi. Baada ya siku mbili yakageuka tena: si mvi, ni unga, unga wa dawa, na aliyeunyunyiza ni nani, kama si yule anayeshinda ndani na chungu peke yake, asiye na mtoto, anayetaka nyumba iwe yake?

Mzee mmoja wa ukoo, ndugu wa marehemu mume wa shangazi, ndiye aliyeyatamka kwa sauti. Simchukii mzee huyo. Ni mtu wa haki katika mambo ya mashamba, na alikuwa na hofu ya kweli juu ya shemeji yake aliyelala hospitalini. Lakini neno la mzee ni zito. Binamu yangu alianza kula chakula kwa mashaka. Shemeji akafunga mzigo wake mdogo wa nguo, akauweka chini ya kitanda, akingoja kufukuzwa. Katika nchi yetu wanawake wamepoteza nyumba zao kwa maneno kama hayo, na wengine, hasa vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, wamepoteza hata uhai. Sikuweza kulichukua jambo hili kama mchezo.

Nilipofika Jumapili jioni, nilikuta wamekaa kimya. Nilisalimia wakubwa kwanza, nikanywa chai, kisha nikaomba chungu kiletwe nje penye mwanga. Hakuna aliyetaka kukigusa. Nikakibeba mwenyewe.

Mtu akiwa na ukungu juu ya udongo, jambo la kwanza ni kujua kama kweli ni ukungu. Maana iko aina nyingine ya weupe, nayo ni chumvi. Maji ya visima vingi yana chokaa na chumvi, na mbolea ya dukani ina chumvi pia. Maji yakikauka, chumvi hubaki juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu cha udongo wa kufinyanga. Chumvi ni ngumu, huvunjika kama ganda ukiigusa kwa kijiti, wala haina nyuzi. Ukungu ni laini. Ukiuinua kwa kijiti, utaona nyuzi nyembamba kama za buibui, zimeshikana, na zinanukia udongo wa msituni. Niliwaonyesha wote nyuzi hizo, mmoja mmoja. Mzee alitazama muda mrefu bila kusema.

Kisha nikawaeleza, kama tulivyofundishwa chuoni na kama elimu inavyosema hata leo. Ukungu, au kuvu, ni kiumbe chenye uhai, lakini si mmea. Hauna ukijani, kwa hiyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hula vilivyokufa: jani lililoanguka, samadi isiyoiva, vipande vya mizizi mikavu. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, zimo hewani mahali pote, hata ndani ya kanisa, hata katika pua zetu sasa hivi. Zinangoja tu. Zikipata unyevu, chakula, na hewa iliyotulia, huota. Hazihitaji mkono wa mtu kuzinyunyiza. Wala ukungu si adui kila mahali. Bila yeye majani ya msituni yangelundikana hadi mabegani. Tena dawa ya penisilini, iliyookoa watu wengi, ilitokana na ukungu, ambao Alexander Fleming aliuona katika chombo chake hospitalini London mwaka 1928.

Maneno hayakutosha. Mzee alitikisa kichwa akasema, «Mwalimu, wewe umesoma. Lakini mimi nimezeeka.» (Huniita mwalimu, ingawa kazi yangu ni ukarani.) Nami nikaona kwamba mtu mzima hashindwi kwa hotuba. Nikaomba chupa mbili za jamu zenye mdomo mpana. Nikamwambia, «Mzee, mimi sitagusa kitu. Shemeji naye hatakaribia. Nenda shambani kwako mwenyewe, chota udongo kwa mkono wako, tia katika chupa zote mbili. Ya kwanza iache kavu, bila kifuniko, dirishani. Ya pili itie maji hata udongo uloane, weka juu yake kipande cha jani la mgomba lililooza na kiporo cha ugali kidogo, uifunge, uiweke chini ya kitanda chako. Ufunguo wa chumba ukae na wewe.» Alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na hakika kwamba nitashindwa.

Tulipokuwa tukingoja, tulishughulikia ua lenyewe, nami nitaeleza tulivyofanya, kwa faida ya wenye vyungu.

Tulifanya kazi nje, nami nilijifunga kitambaa puani, maana vumbi la ukungu huwadhuru wenye pumu na vifua dhaifu; mtoto mwenye pumu asiwe karibu. Majani yote yaliyokufa tuliyaondoa. Kwa kijiko tulikwangua udongo wa juu, kina cha sentimita mbili hivi, tukaufukia mbali kwenye shimo la takataka. Kama mmea ungalikuwa na afya, tungaliishia hapo: kuongeza udongo mpya mkavu juu, kumwaga maji ya sahani, kupeleka chungu penye mwanga na hewa, na kuacha kumwagia maji mpaka udongo ukauke. Mara nyingi hayo yatosha kabisa. Ukungu wa juu hauli mmea ulio hai. Ni mgeni aliyekuja kwa sababu ya maji, na maji yakiisha huenda zake. Wale vijidudu weusi nao ni hivyo hivyo, watoto wao huishi katika udongo wenye maji tu, wakila ukungu na uozo.

Lakini ua la shangazi lilikuwa limelegea ingawa udongo umeloa, na hiyo ni dalili mbaya. Mmea unaonyauka kwenye udongo mkavu una kiu. Mmea unaonyauka kwenye udongo uliolowa una mizizi iliyooza. Ole wake anayeuongezea maji! Tulikigeuza chungu, tukaupokea mmea mkononi. Mizizi mizima ni myeupe na imara. Hii ilikuwa ya kahawia, milegevu, ikinuka, na ukiivuta ngozi yake ilichomoka kama soksi. Nilikata yote iliyooza kwa wembe uliopitishwa motoni. Ilibaki mizizi michache mno.

Chungu tulikisugua, tukakimwagia maji yaliyochemka, tukakianika juani siku mbili. Mwenye chungu cha plastiki asitumie maji ya moto. Atumie dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, kisha asuuze sana. Tundu la chini tulilipanua. Udongo mpya tulichanganya mafungu mawili ya udongo mweusi, fungu moja la mchanga wa mtoni uliooshwa, na fungu moja la mboji iliyoiva, ile ambayo haina tena harufu wala joto. Samadi mbichi ni karamu ya kuvu. Tena chungu kisiwe kikubwa kupita kiasi, kwa kuwa udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji bila wa kuyanywa.

Watu walinipa mashauri mengi uani pale. Mmoja alisema tumwage mafuta ya taa. Hayo yangaliua ukungu na ua pamoja. Mwingine alisema majivu. Majivu hukausha juu kwa siku chache, lakini yakizidi hugeuza udongo, na ua hili lapenda udongo wenye uchachu kidogo. Wa tatu alitaka kuleta dawa ya kunyunyizia kahawa. Nikamwambia ya nini kuingiza sumu chumbani wanamolala watu, na kumbe kumwaga sahani moja ya maji kungemaliza shauri?

Kwa kuwa sikuwa na tumaini kubwa juu ya mmea mama, tulichukua tahadhari. Ua hili lina neema ambayo mimea mingi haina: jani moja laweza kuzaa mmea mzima. Shemeji alichagua majani matano yenye afya, akayakata pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimita tatu au nne, akavichomeka vikonyo katika mchanga wenye unyevu kidogo, ndani ya kopo lililotobolewa chini. Akaliweka kivulini penye mwanga. Mizizi huanza katika majuma matatu au manne, na baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi huchungulia chini ya jani la zamani. Nilimwona akifanya kazi ile kwa vidole vinavyotetemeka, na sikumsemesha.

Siku ya nane mzee alinipigia simu. Hakusalimia vizuri. Alisema tu, «Njoo uone chupa zako.» Nilikwenda jioni ile ile. Chupa ya dirishani ilikuwa na udongo wake mkavu, kama alivyoutia. Ile ya chini ya kitanda, chumbani mwake, kwenye ufunguo wake, ilikuwa imejaa manyoya meupe hadi karibu na kifuniko, na juu ya ugali palikuwa na madoa ya kijani na meusi. Mzee aliishika kwa mbali, kama mtu aliyeshika nyoka. Baadaye alicheka, akasema kwamba kama ni mvi basi yeye naye harudi. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda mwenyewe nyumbani kwa shangazi, akasema na shemeji mbele ya mumewe. Sikuwapo. Binamu yangu aliniambia tu kwamba jioni ile mzigo wa nguo ulitolewa chini ya kitanda ukarudishwa kabatini.

Ningeweza kukoma hapa, lakini liko jambo lililonishtua kuliko chungu, nalo lilitokea siku ile ile ya kazi ya uani. Shemeji aliona nikijifunga kitambaa puani, akaniuliza, «Shemeji, kama ukungu wa udongo unakufanya ujifunge hivyo, na ule wa mahindi je?» Nikauliza, mahindi gani? Akanipeleka ghalani. Magunia matatu yalikaa sakafuni, yakiegemea ukuta unaovuja, na la chini lilikuwa na punje za kijani kijivu na manjano. Walikuwa wakizichambua, nzuri zikisagwa, mbaya wakiwapa kuku, na nyingine wakizitenga kwa pombe. Kijiji kizima kilitetemeka kwa ajili ya udongo ambao hakuna atakayeula, na hakuna aliyesema neno juu ya chakula!

Ndugu zangu, hapa sisemi kwa upole. Aina fulani za kuvu zinazoota kwenye mahindi na karanga, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, hutoa sumu ambayo siku hizi twaiita sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho. Kuosha hakuiondoi, kuisonga ugali hakuiui, wala pombe haiisafishi. Ikiwa nyingi, huharibu ini na kuua katika siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Mwaka 2016 msiba huo ulifika kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu walikufa. Hata ng'ombe akila nafaka yenye sumu hiyo, hupitisha sehemu yake katika maziwa. Kwa hiyo kumpa mnyama si dawa.

Gunia lile la chini tulilizika. Ni neno gumu kumwambia mwenye nyumba azike gunia la mahindi mwezi wa Mei, wakati mavuno mapya bado. Sikulisema kwa wepesi. Yale mawili yaliyobaki tulianika juu ya turubai siku za jua, tukaweka mbao chini yake ghalani, mbali na ukuta. Na nikamwonyesha shemeji njia ya kupima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi theluthi moja, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha uache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Isiposhika, weka ghalani. Katika mavuno ya mwaka huo yeye ndiye aliyewapimia majirani watatu, pamoja na yule mama wa kinu.

Shangazi alirudi mwezi wa Julai, akitembea na gongo. Mmea mama ulikuwa umekufa mwezi wa Juni. Mizizi ile michache haikutosha. Shemeji alikuwa amekaa siku nyingi akifikiri jinsi ya kumwambia. Lakini vikonyo vinne kati ya vitano vilikuwa vimeshika, na kwenye kopo vilichomoza vijani vidogo vyenye manyoya, kila kimoja kama sikio la panya. Shangazi aliletewa kopo akiwa amekaa barazani. Alivitazama, akavihesabu kwa kidole, akauliza nani amevizaa. Wakamwonyesha mkwewe. Akasema, «Basi huyu ana mkono. Vyungu vinne vitafutwe. Na maji atatia yeye peke yake, msimsaidie.»

Ndivyo ilivyo hata sasa. Maji hutiwa mara moja au mbili kwa juma, udongo wa juu ukiwa umekauka kwa kidole, asubuhi, tena kwa sahani ya chini. Baada ya nusu saa yaliyobaki humwagwa. Hayatiwi majani, kwa kuwa maji baridi huyaachia madoa. Vyungu vyakaa kwenye dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Kimoja alikichukua sista alipokuja likizo Desemba, akasafiri nacho kwenye basi mapajani. Kimoja kiko ofisini kwangu, na waumini wakija kuandikisha ndoa huniuliza ni ua la Ulaya la aina gani.

Nao wanaotaka kwenda kuling'oa msituni wasifanye hivyo. Aina kadhaa za ua hili zimekuwa haba sana kwa sababu misitu inakatwa, na jani moja kutoka kwa jirani latosha. Waje kwa shemeji, hatawanyima; watamkuta na watoto wa majani wa kutosha kijiji kizima.

Ila chupa zangu za jamu mzee hajanirudishia. Anasema bado anawaonyesha watu.